BASTOLA HUZEEKA LINI?

Je, ndugu msomaji, bunduki huzeeka lini? Mtu huzeeka, ng'ombe huzeeka, hata nyumba ya mawe ikiachwa bila mwenyewe huzeeka ikaanguka. Lakini kipande cha chuma kilichotengenezwa ili kiue, kikipakwa mafuta na kuwekwa mahali pakavu, chaweza kukaa miaka 140 kisha kikafanya kazi ile ile kilichoundiwa, bila hata kukohoa.

Swali hili si la kupitishia wakati barazani. Tarehe 22 Machi 2021, serikali ya Uingereza ilianza kutumia kanuni mpya kuhusu silaha za kale. Ziko bastola ambazo mpaka siku hiyo zilikuwa mapambo ya kabatini. Raia aliweza kuzinunua, kuzirithi na kuziweka nyumbani bila kumwuliza polisi. Kwa kanuni hizo ziligeuka kuwa silaha zinazohitaji cheti, na wenyewe wakapewa miezi sita tu, hadi tarehe 22 Septemba, kutafuta cheti au kuachana nazo. Bastola hazikuongezewa skrubu wala hazikupunguziwa. Kilichobadilika ni orodha.

Wengi wetu tukisikia kwamba kuna mtu mzima, mwenye watoto na deni la nyumba, anayetoa fedha zake kununua bastola kuukuu ambayo risasi zake hazipatikani dukani, tutacheka na kufungua ukurasa wa michezo. Tusiharakishe kucheka. Jambo hili linatugusa kuliko tunavyodhani, nami nitaeleza mbele kidogo kwa nini. Kwanza tuzitazame bastola zenyewe, kwani asiyezijua hawezi kuelewa ugomvi wenyewe.

Risasi sita mkononi

Bastola ninazozisema ni zile ziitwazo rivolva, yaani zenye silinda ya matundu sita, au pengine saba au manane, inayozunguka kila nyundo inapoinuka. Kabla yake, ofisa wa jeshi la Ulaya alikwenda vitani na upanga na bastola ya kupakiwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha risasi, kisha kushindilia. Alipiga mara moja. Adui asipoanguka, bastola iligeuka kuwa rungu.

Mwaka 1851 yalifanyika maonyesho makubwa mjini London, ndani ya jumba la vioo, na humo Mmarekani Samuel Colt na Mwingereza Robert Adams walionyesha bastola zao za silinda. Ya Colt ilitaka nyundo iinuliwe kwa kidole gumba kila mara. Ya Adams ilijiinua yenyewe kifyatulio kilipovutwa. Colt alifungua kiwanda kando ya mto Thames mwaka 1853, lakini hakikudumu. Mwaka 1856 luteni mmoja wa wahandisi wa jeshi, Frederick Beaumont, aliziunganisha mbinu zote mbili katika bastola ya Adams, na jeshi la Uingereza likaichukua. Zote hizo zilikuwa za fataki. Kila tundu la silinda hupakiwa baruti na risasi kwa mbele, na nyuma yake hubandikwa kifuniko kidogo cha shaba chenye unga unaolipuka. Neno hilo fataki wazee wetu wa pwani walilijua vyema, sawa na walivyolijua gumegume, bunduki iliyowashwa kwa jiwe.

Wafaransa ndio waliopiga hatua iliyofuata. Mwaka 1858 jeshi lao la wanamaji lilichukua bastola ya Lefaucheux. Risasi yake ilikuwa na ganda la chuma lililobeba baruti na fataki pamoja, na kijiti kidogo kilichomoza ubavuni ili nyundo ikigonge. Hapo ofisa akaachana na pembe ya baruti. Kisha ikaja ile ambayo wakusanyaji wengi huipenda kuliko zote, yaani ya mwaka 1873, kutoka kiwanda cha serikali cha Saint-Étienne. Zilitengenezwa zaidi ya 300,000. Ni ya risasi sita za milimita 11, nzito na imara, na chuma chake kiliachwa cheupe bila kutiwa rangi. Ile ya maofisa, ya mwaka 1874, ilitiwa weusi na silinda yake ikachongwa mifereji kupunguza uzito. Risasi yake ilikwenda polepole, lakini ufundi wake ni wa fundi wa saa.

Wajerumani, ambao tumezoea kusikia wakisifiwa kwa vyuma, walitoa kitu cha ajabu. Bastola yao ya mwaka 1879, na mdogo wake wa mwaka 1883, za milimita 10.6, hazikuwa na kifaa cha kutolea maganda. Askari akimaliza risasi zake sita ilimbidi ayasukume maganda moja moja kwa kijiti alichokibeba kando. Hebu fikiri mtu anahesabu maganda huku farasi wa adui wanamjia! Hata hivyo zilitumika mpaka Luger ilipochukua nafasi yao katika jeshi la nchi kavu mwaka 1908, na hata katika Vita Vikuu vya Kwanza zilikuwa bado mikononi mwa askari wa nyuma ya mstari.

Ziko nyingine nyingi. Milki ya Austria na Hungary ilikuwa na Gasser ya mwaka 1870, dude la milimita 11.3 lililofaa kumtisha mtu hata bila risasi, na ambalo huko Montenegro lilikuja kuwa sehemu ya vazi la mwanamume. Italia ilikuwa na Bodeo ya 1889, na Uswisi ile ya 1882 ya milimita 7.5. Ndugu wawili wa mji wa Liège, Ubelgiji, Émile na Léon Nagant, waliwauzia Warusi bastola ya risasi saba ya mwaka 1895. Silinda yake husogea mbele na kuubana mtutu ili moshi usivuje. Kiwanda cha Tula kilianza kuitengeneza mwaka 1898 na kilikuwa bado kikiitengeneza wakati wa vita vya Hitler. Kumbuka jambo hilo, maana linawasumbua sana watunga sheria.

Na Waingereza walikuwa na Webley. Ya kwanza ilipokewa jeshini mwaka 1887, ya kipenyo cha .455, ikitoka Birmingham. Ukiikunja katikati, maganda yote sita huruka nje kwa pamoja. Ya sita katika ukoo huo ilitoka mwaka 1915. Hii ndiyo iliyokuja kwetu kiunoni mwa mabwana.

Moshi na sare

Sasa, watu hufanya nini na vyuma hivi? Wako wanaovitia kabatini na kuvisoma. Kila bastola ya jeshi ina mihuri: muhuri wa kiwanda, wa mkaguzi, mwaka, namba, na pengine alama ya kikosi. Mkusanyaji hodari huusoma mtutu kama wewe unavyosoma kitambulisho.

Wako wanaopenda kulenga shabaha. Iko kamati ya kimataifa ya vyama vya silaha zinazopakiwa kwa mbele, iliyoanzishwa mwaka 1971, na nchi zaidi ya 20 zimo ndani yake. Huendesha mashindano ya dunia, na mojawapo limepewa jina la Mariette, fundi wa Ubelgiji, nalo ni la bastola za fataki kwa umbali wa mita 25. Mshindani hupiga risasi 13 kwa dakika 30, na zile kumi zilizo bora ndizo zinazohesabiwa. Baruti ni nyeusi tu, ile ya zamani. Dakika 30 kwa risasi 13 zitakuonyesha kwamba huu si mchezo wa sinema. Mtu hupima baruti, hupakia, husubiri moshi uondoke ili aone amepiga wapi. Baruti nyeusi huacha masizi mazito. Risasi kadhaa zikipita, silinda huanza kugoma kuzunguka. Na jioni hiyo hiyo lazima bastola ioshwe kwa maji ya moto, kwani ikilala na masizi yake itaamka na kutu.

Halafu wako waigizaji wa vita vya kale. Hawa huvaa sare za enzi ile, kuanzia buti mpaka vifungo, wakaenda uwanjani kurudia pigano fulani mbele ya watazamaji, wakipiga risasi zisizo na kichwa ambazo hutoa mlio na moshi tu. Wengi wao hutumia nakala mpya. Lakini nakala za bastola, ambazo nyingi hutengenezwa Italia upande wa Brescia, karibu zote ni za mifano ya Kimarekani, kwa kuwa sinema za makauboi ndizo zilizoziuza. Anayetaka kuigiza kama ofisa Mfaransa wa miaka ya 1870 hana budi kutafuta bastola halisi. Ndiyo sababu hizi za kijeshi za Ulaya zimezidi kutafutwa.

Sisemi kwamba ni upuuzi. Kitabu kitakuambia kwamba katika mapigano ya zamani moshi ulitanda. Mtu aliyesimama ndani ya moshi huo wa risasi sita tu ataelewa kwa nini askari walipigana wao kwa wao, kwa nini maofisa walikamata panga hata baada ya kupewa bastola, na kwa nini taarifa za mashahidi wawili wa pigano moja hazifanani. Kioo cha makumbusho hakifundishi hayo. Nakubaliana nao kabisa katika jambo hili.

Orodha ya risasi

Basi turudi kwenye sheria. Sheria ya silaha ya Uingereza ya mwaka 1968 ilisema kwamba silaha ya kale iliyowekwa kama kitu cha ajabu au pambo haihitaji cheti. Haikueleza "ya kale" ni ya lini. Kwa miaka mingi wizara ya mambo ya ndani ilitoa mwongozo wenye orodha ya aina za risasi zilizokwisha. Hoja ilikuwa nyepesi: kama risasi ya bastola fulani haitengenezwi tena, basi bastola hiyo ni sawa na nyoka aliyeng'olewa meno.

Kisha likatokea jambo la Dunblane. Tarehe 13 Machi 1996 mtu mmoja aliingia katika shule ya msingi ya mji huo wa Scotland akiwa na bastola alizokuwa nazo kwa leseni, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata Bunge lilipiga marufuku karibu bastola zote mikononi mwa raia. Zilizopakiwa kwa mbele ziliachwa, kwa hiyo Adams ya fataki bado yaweza kupigwa shabaha na mwenye cheti. Bastola za risasi za ganda zenye thamani ya kihistoria zilitengewa mlango mwembamba. Zile zilizotengenezwa kabla ya 1919 mtu aliweza kuziweka nyumbani kwa cheti, bila risasi. Nyingine zilikubaliwa kuwekwa na kupigwa katika viwanja maalumu tu, kama kile cha Bisley katika jimbo la Surrey. Webley za .455, ambazo risasi zake zimeendelea kutengenezwa, ziliangukia huko. Lakini zile za risasi zilizokwisha ziliendelea kuwa huru kama vyungu vya maua.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kiwanda kikiacha kutengeneza risasi, haina maana kwamba risasi haiwezi kutengenezwa. Walenga shabaha wenyewe ndio waliojua hilo kwanza, maana kote Ulaya mpenzi wa bastola ya kale hujitengenezea risasi zake kwa mkono, kwa mashine ndogo mezani. Wahalifu wa miji ya Uingereza nao, walipoona bastola mpya zimekuwa adimu na ghali, wakazikumbuka za babu. Polisi wakaanza kuokota katika mitaa ya Birmingham na London silaha ambazo zingefaa kuwa katika picha za mwaka 1880.

Kisa kilichowashtua wengi ni cha mfanyabiashara wa silaha, mtu mzima mwenye leseni na sifa ya utaalamu, aliyekuwa akinunua bastola za kale Marekani, akizileta Uingereza kihalali, kisha akizitengenezea risasi na kuziuza zikafika mikononi mwa magenge. Polisi walisema silaha na risasi zake zilihusishwa na matukio zaidi ya 100 ya uhalifu. Desemba 2017 mahakama ya Birmingham ilimfunga miaka 30. Huyu hakuwa mwizi aliyevunja mlango wa wakusanyaji. Alikuwa mmoja wao, na elimu yake ndiyo iliyokuwa ufunguo. Nadhani hilo ndilo lililowauma zaidi wenzake.

Ndipo zikaja kanuni za 2021. Ziliandika kwa mara ya kwanza katika sheria maana ya silaha ya kale: iwe imetengenezwa kabla ya tarehe 1 Septemba 1939, na iwe ya mfumo au risasi iliyotajwa kuwa imekwisha. Lakini kutoka orodha ya zamani ziliondolewa aina saba za risasi, zile ambazo polisi walizikuta zaidi. Miongoni mwake ni milimita 11 ya Ufaransa na milimita 10.6 ya Ujerumani, yaani zile bastola mbili za 1873 na 1879 nilizozieleza. Kwa hiyo yule Mwingereza aliyerithi bastola ya Saint-Étienne kwa babu yake aliyeileta kutoka Flanders, aliambiwa kwamba nyoka wake ameota meno.

Wakusanyaji walinung'unika, na sioni kwamba walinung'unika bure. Wao ndio waliozitunza bastola hizo wakati hakuna aliyezitaka. Lakini hoja yao kubwa, kwamba kitu chenye umri wa miaka 140 hakiwezi kuwa tishio, ilikwisha kuvunjwa vipande na daktari wa majeruhi hospitalini. Chuma hakijui tarehe.

Ukitazama nchi nyingine utaona jinsi kila mmoja alivyochora mstari wake mchangani. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1968, silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ni ya kale. Ufaransa hutazama mwaka wa muundo: kwa kawaida muundo uliotangulia tarehe 1 Januari 1900 mtu mzima aweza kuumiliki bila kibali, ila asitembee nao mitaani pasipo sababu halali. Ujerumani ni wakali zaidi. Hata bastola ya fataki ya risasi sita inahitaji leseni, na baruti nyeusi ina cheti chake pekee. Sasa ikumbuke Nagant ya Warusi. Muundo wake ni wa 1895, lakini iliyo mkononi mwako yaweza kuwa ilitoka kiwandani 1943. Je, ni ya kale au si ya kale? Mfuata muundo na mfuata tarehe ya kiwanda watagombana mpaka jogoo awike.

Mimi naona wote wanapima kitu kisichopimika kwa kalenda. Kinachoiondoa silaha katika kazi yake ni ukosefu wa risasi, si wingi wa miaka. Jirani zetu Tanzania wanalijua hili bila kwenda London: gobori, bunduki ya kupakiwa kwa mbele ambayo Ulaya ingewekwa katika kioo, bado hukamatwa mikononi mwa wawindaji haramu, kwa kuwa baruti na vipande vya chuma havijawahi kwisha. Kwa maana hiyo orodha ya Waingereza, inayotazama risasi, ina akili kuliko tarehe ya Wamarekani. Ubaya wake ni kwamba itabidi ipunguzwe kila magenge yatakapojifunza aina mpya, na mkusanyaji mwaminifu hatajua kamwe kama pambo lake la leo litakuwa kosa lake la kesho. Ufaransa walijaribu njia ya upole. Mwishoni mwa Novemba 2022 waliwaalika wananchi kwa wiki moja kusalimisha au kuandikisha silaha bila kushitakiwa, na silaha zilizosalimishwa zilikaribia 150,000, nyingi za urithi zilizokuwa zimelala darini. Watu wengi walitaka tu kuondokewa na mzigo.

Mstari wetu

Niliahidi kueleza kwa nini jambo hili linatugusa. Mstari kati ya bunduki ya kale na bunduki ya kisasa haukuchorwa Ulaya mara ya kwanza kwa ajili ya wakusanyaji. Ulichorwa kwa ajili yetu. Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, mataifa yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake wakakubaliana kuzuia silaha kuingia katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na nyuzi 22 kusini yake. Pwani yetu na bara yake yote imo humo. Zilizozuiwa hasa zilikuwa bunduki za kisasa zenye mtutu wa mifereji. Waliacha mwanya kwa gumegume zisizo na mifereji na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, cha kale kiliruhusiwa kwa sababu kilikuwa dhaifu, na chenye nguvu kilibaki kwa aliyechora mstari. Sikatai kwamba bunduki zilikuwa zikiwasaidia wafanyabiashara wa watumwa. Lakini miaka ile ile ndiyo makampuni ya Uingereza na Ujerumani yalipokuwa yakiingia bara, na ofisa wa Kiingereza aliyekuja nayo alikuwa na Webley kiunoni. Kwa bahati tu, mwaka huo huo 1890 ndio chama cha walenga shabaha cha Uingereza kilipohamia Bisley.

Risasi ya Webley nayo ina hadithi yake. Mwaka 1898 jeshi la Uingereza lilitoa risasi ya .455 yenye kichwa kilichochimbwa shimo, ili ipanuke mwilini. Mwaka 1899, katika mkutano wa The Hague, mataifa mengi yaliafikiana kuzipiga marufuku risasi za kupanuka. Mjumbe wa Uingereza, Jenerali Sir John Ardagh, alizitetea kwa hoja kwamba katika vita vya makoloni risasi ya kawaida haimsimamishi adui kama inavyomsimamisha Mzungu. Risasi ile ya bastola iliondolewa baada ya muda si mrefu, na Uingereza ikauridhia mkataba mwaka 1907. Mkusanyaji akiipata leo risasi moja ya aina hiyo huifurahia mno, kwa kuwa ni adimu.

Na hapa nafika kwenye bastola ambayo Mkenya hahitaji kuelezwa. Tarehe 21 Oktoba 1956 Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa pembezoni mwa msitu wa Nyandarua. Wengi hudhani alinyongwa kwa kuongoza vita. Hasha! Mahakama iliyokaa Nyeri chini ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor haikumshitaki kwa vita wala kwa kuua. Alishitakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi zake bila kibali. Ilikuwa rivolva ya Webley, ya kipenyo cha .38. Chini ya kanuni za hali ya hatari, kosa hilo lilitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi, na lilipeleka wengi. Katika miaka ile walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau walipita 1,000. Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Sina haja ya kuwashutumu kwa hayo wazee wa Bisley wanaoosha bastola zao kwa maji ya moto jioni ya Jumamosi. Wengi wao ni watu wapole, wenye subira, na wanajua historia ya vyuma kuliko maprofesa. Ninachokiona ni kwamba maigizo yao huchagua. Huigiza Mfaransa dhidi ya Mprusi, Mwingereza dhidi ya Mjerumani, pande mbili zenye sare na bendera, ambapo kila mtazamaji ana babu wa kumpigia makofi. Bastola zile zile zilifanya kazi ndefu zaidi mahali ambapo upande wa pili haukuwa na sare, na kazi hiyo haiigizwi, wala haiandikwi katika kikaratasi kinachofungwa kwenye kifyatulio wakati wa mnada. Kikaratasi hutaja kiwanda, mwaka, kipenyo na hali ya mtutu.

Kanuni za 2021 zimewalazimisha baadhi yao kuziandikisha bastola ambazo hazikuwahi kuandikwa popote. Cheti hutaka namba na aina tu, lakini mkusanyaji ana kalamu yake mwenyewe, na mihuri ya vikosi anaisoma. Nikipata nafasi ya kusimama mbele ya kabati la mmoja wao, sitamwuliza bei. Nitamwuliza Webley hii ilikuwa kiunoni mwa nani mwaka 1895, na 1905, na 1914, na ilikuwa nchi gani. Na akisema hajui, nitamwomba afungue daftari la kikosi tutafute pamoja.